Barua kwa Saumu: Zaituni asisaini kwanza

South B, Nairobi
Jumapili usiku

Shoga yangu Saumu,

Assalaam aleikum. Mama hajambo? Magoti yake je, ile dawa ya kuchua imemsaidia? Baba Salma bado yuko Lamu ama ameshachoka na bahari? Sisi huku wazima, ila baridi ya Julai imetukamata, naandika nimejitanda leso mbili. Tangu Idi hatujakaa tukazungumza, na haya ya leo hayafai kwenye simu. Mtandao ukikatika katikati utanielewa vibaya.

Nimeisikiliza sauti uliyonitumia. Vigelegele vile! Zaituni mdogo wako kachaguliwa kuingia ile shoo ya runinga, katika wasichana wote wale waliopiga foleni! Nimefurahi, wallahi. Mtoto ana ulimi tangu akiwa anawaiga makanga wa Likoni na sisi tunavunjika mbavu. Lakini uliposema ameshaandika barua ya kuacha uuguzi, mwaka wa pili, pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, nafasi ambayo wenzake wanaililia, moyo ulinipiga paa. Ndiyo sababu ya barua hii. Sisemi asiende. Nataka ajue atarudi wapi.

Unaijua kazi yangu. Mimi ndiye ninayewavalisha maikrofoni washiriki wa shoo za runinga. Nimefanya shoo za mapishi, za mapenzi, na zile za wanawake wa mtaa wa Karen kurushiana maneno juu ya keki. Asubuhi namfunga mshiriki kisanduku kiunoni, nampitishia waya ndani ya nguo, nambana maikrofoni karibu na kola. Usiku nafungua. Akitolewa kwenye shoo, mimi ndiye ninayemvua mara ya mwisho, na wengi wao hufanya jambo lile lile: hupeleka mkono kiunoni kukitafuta kisanduku, kisha huniuliza polepole, "Kwa hiyo sasa hakuna anayesikia?" Huwa nawajibu hakuna. Gari linangoja nje. Anarudishiwa simu iliyokuwa imefungiwa kabatini, anaiwasha akiwa kiti cha nyuma, na kabla hawajafika barabara kuu anasoma yote aliyotukanwa tangu shoo ianze. Dereva anamshusha kwao, anageuza gari. Basi, shoo imekwisha.

Nikupe mfano ulio karibu. Kwenye ploti yetu kuna dada mmoja, jina lake sitalitaja kwa heshima yake, alikuwa mhasibu wa sacco. Aliacha kazi akaingia shoo moja hapa hapa Nairobi. Ndani humo siku moja akagombana na mwenzake juu ya thamosi ya chai, nani ameimaliza. Ugomvi wa dakika moja, Saumu, wa watu wasiolala vizuri. Tunarekodi mchana kutwa na usiku, nyinyi mnaona dakika 45, na katika hizo 45 ile thamosi haikukosa. Hata jicho alilolikunja saa nne asubuhi kwa sababu ya jua lilibandikwa juu ya maneno aliyoambiwa usiku, ikaonekana amemdharau mwenzake. Sasa anaitwa Thamosi. Makanga wa laini yetu wanamwita, "Thamosi, ingia mbele!" Wanampenda, hawana ubaya, lakini jina lake la kweli limepotea. Alipoenda kuomba kazi mahali, amevaa suti, vyeti mkononi, mmoja wa waliomhoji akatoa simu akawaonyesha wenzake ile video. Wakacheka naye pia akacheka, angefanya nini? Kazi hakupata. Siku hizi anashuka kwa mama mboga usiku, kofia ya sweta imemfunika mpaka machoni.

Hakushinda na hakushindwa vibaya, alitoka katikati tu. Na wengi ni wa katikati, Saumu. Mshindi ni mmoja.

Najua utaniambia mbona wengine wamefika mbali. Kweli wamefika, na wale tuliowafuata wewe na mimi ndio mfano mzuri. Gaetano wa Uganda, wa shoo ya Big Brother Africa ya mwaka 2003, hakushinda, mshindi alikuwa Cherise Makubale wa Zambia na zile dola 100,000. Gaetano alikuwa anasomea sheria Makerere, akatoka akaingia redio, akakaa kwenye utangazaji mpaka mwaka 2019 tukamwona kwenye kiti cha jaji wa East Africa's Got Talent pamoja na mtangazaji Jeff Koinange. Miaka 16 hiyo. Patricia Kihoro alitoka mashindano ya uimbaji ya Tusker Project Fame mwaka 2009 bila taji, leo nani hamjui, redio amefanya, filamu amecheza. Idris Sultan wa Tanzania alibeba dola 300,000 za Big Brother Africa mwaka 2014, lakini angalia kinachomlisha: ni uchekeshaji na uigizaji. Hata yule Jennifer Hudson wa Marekani. American Idol ya 2004 ilimtoa akiwa wa saba, na mwaka 2007 akachukua Oscar. Lakini kabla ya shoo alikuwa tayari anaimba kanisani na melini. Shoo ilimkuta ana kazi ya mikono yake.

Hao wote, ukiwatazama vizuri, kamera zilipozimwa walikuwa na pa kushika kesho yake. Pesa peke yake si pa kushika. Richard Hatch, mshindi wa kwanza wa Survivor kule Marekani mwaka 2000, alipewa dola milioni moja. Mwaka 2006 akahukumiwa miezi 51 jela kwa kutolipa kodi, ikiwemo ya pesa hizo. Milioni nzima!

Na Zaituni ana cha kushika! Mwaka mmoja na kitu umebaki awe muuguzi. Watu wanaumwa kila siku, kazi hiyo haiishi. Kama lazima aende, aombe kuahirisha masomo kwa maandishi, ajibiwe kwa maandishi, barua iwekwe kwenye ile bahasha ya mama yenye hati za shamba. Ile barua ya kuacha aichane leo. Sijui nani kamtia kichwani kwamba mtu hawi nyota akiwa bado mwanafunzi. Ni Kassim? Kama ni Kassim nitampigia mwenyewe.

Ngoja nikuambie linaloniogopesha zaidi ya kazi. Kulikuwa na binti wa Japani, Hana Kimura, mwanamieleka, miaka 22. Alikuwa kwenye shoo ya Terrace House. Mwenzake akamharibia vazi lake la mieleka kwenye kufua, likasinyaa, naye akamkasirikia. Hilo tu, Saumu, nguo. Ilipoonyeshwa, watu wakamwandama mtandaoni usiku na mchana, na mwezi Mei 2020 akajitoa uhai. Shoo ikafutwa. Mwaka 2022 Japani ikaongeza adhabu ya kutukana watu, hadi kifungo cha mwaka mmoja. Sheria ilikuja yeye hayupo. Kila nikimwona dada wa thamosi kwenye ngazi namfikiria yule binti, namsimamisha tuongee hata kama nimechelewa.

Waingereza nao walifiwa. Sophie Gradon mwaka 2018, Mike Thalassitis mwaka 2019, wote walikuwa wamepita Love Island, shoo ya mapenzi. Sisemi shoo ndiyo iliyowaua, hayo Mungu anayajua. Lakini baada ya hapo ITV, kituo kinachoionyesha shoo hiyo, ilitangaza kwamba kila mshiriki atapewa angalau vikao 8 vya ushauri nasaha akitoka, atafundishwa mambo ya pesa na ya mitandao, na kutakuwa na mtu wa kumtafuta kumjulia hali kwa miezi 14. Tena tangu mwaka 2021 wasimamizi wao wa utangazaji, Ofcom, wamewawekea watangazaji kanuni za kumlinda mshiriki. Kwa hiyo linawezekana, lina bajeti na lina karatasi. Tusiambiwe tunaomba mwezi wa angani.

Sasa tuje kwenye mkataba. Kurasa ulizonipigia picha nimezisoma zote, mpaka ile iliyokatwa pembeni na kidole chako. Wameandika wanaweza kutumia sura yake na sauti yake popote duniani, wakati wowote, bila kumlipa tena. Wameandika wanaweza kuhariri kwa namna yoyote watakayoona inafaa. Akiongea na magazeti bila ruhusa anatozwa faini. Siku za kurekodi zimetajwa moja moja, saa ya kuamka mpaka saa ya gari. Baada ya siku ya mwisho nimetafuta hata mstari mmoja, hakuna. Akitoka anaumwa kichwa na moyo, anampigia nani? Haijaandikwa. Akiandamwa mtandaoni, nani atamsaidia kuripoti? Hapa kwetu ipo sheria ya makosa ya mitandao ya mwaka 2018, na kumwandama mtu mtandaoni imo ndani yake, lakini binti aliyetoka jana kwenye shoo hawezi kuzunguka vituo vya polisi peke yake na simu mkononi.

Nataka waandike. Vikao vya ushauri nasaha, hata kama si 8, viwe na idadi. Jina la mtu na namba ya simu. Wakikataa, angalau tutajua wanavyomhesabu kabla hajaingia. Prodyusa wengine si wabaya, nimefanya nao kazi. Wanakubali ukiomba mapema, kwa sababu kabla ya kusaini wanakuhitaji. Ukishasaini wewe ni mmoja wa kumi na kitu. Nina wakili ninayemjua hapa mjini, mtu wa Kilifi, ameshasoma mikataba ya wanamuziki mingi. Nimeongea naye jana, atausoma kwa bei ya undugu, na hiyo bei nitailipa mimi, usibishe.

Na hili ni lako wewe. Zaituni akiwa ndani hatakuwa na simu, kwa hiyo matusi ya kwanza mtayasoma nyinyi. Mama atasikia harusini, kwa wale wale wanaokula pilau yake. Watasema kavaa nini, kakaa na mwanamume gani, kalelewa wapi. Utatamani kujibu, nakujua. Usijibu! Ukijibu mara moja wanahamia kwako na kwa Salma. Ukurasa wake ashike mtu mmoja aliyetulia, si Kassim, labda Mwanamisi, naye afute na kuzuia watu bila kubishana. Mama aambiwe mapema kwamba atakachokiona kimekatwa na kuungwa, mtoto wake ni yule yule. Mwambie wewe kwa utaratibu, mkiwa jikoni, si siku ya kipindi.

Akitoka asishushwe kwenu moja kwa moja. Nimekwishapanga chumba cha watoto, watalala na mimi. Aje hapa South B akae, alale, ale, simu niishike mimi mpaka atakapotaka mwenyewe. Hakuna atakayemuuliza kitu. Dada wa ploti nimemgusia, amesema atakaa naye, tena alisema kabla sijamaliza kuomba. Halafu nimpandishe treni ya asubuhi nikiwa naye, aingie Mombasa amekwisha kujua nini cha kusema na nini cha kunyamazia.

Ah, kabla sijasahau, ile pesa ya kitchen party ya Rukia nimeituma kwa M-Pesa ya mama, muulize kama imeingia.

Sasa nijibu, na unijibu vizuri. Barua ya kuacha chuo imeshapelekwa ama bado iko kwenye droo? Nani alikuwa naye alipoitwa, kuna chochote alichosaini siku ile, hata fomu ya ukurasa mmoja? Wamemuuliza habari za afya yake, amewahi kuzungumza na mshauri yeyote? Wamemwambia atalipwa kwa wiki au ni mshindi tu anayelipwa? Mama anasemaje akiwa peke yake, si mbele ya wageni? Na yeye mwenyewe Zaituni, ukimuuliza anataka kuwa nani shoo ikiisha, anakujibu nini? Swali hilo muulize kwanza, uniandikie maneno yake kama alivyoyasema.

Umesema kusaini ni Alhamisi. Nitumie zile kurasa upya, zisizokatwa, kabla ya Jumanne jioni, wakili anasafiri Jumatano. Kama haitawezekana, waombe wiki moja zaidi. Wakikataa wiki moja, nipigie saa yoyote.

Nisalimie wote, na Salma umbusu.

Shoga yako,
Tatu