Kabla Hujamkabidhi Binti Yako Laptopu

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi huku hatujambo. Barua yako imenifikia, na nilipofika pale uliposema laptopu ya binti yako imeshapatikana na umeificha juu ya kabati mpaka siku yake ya kuzaliwa, nikaona heri nikuandikie leo leo. Umeniuliza umwekee programu gani ya kumlinda. Programu zipo, nitakutajia. Ila kazi yenyewe inaanza kabla ya programu, mtoto akiwa bado usingizini na hajui kama ana kompyuta.

Mimi nilikosea hapo. Kijana wangu alipotimiza miaka tisa nilimpa laptopu niliyokuwa nimeacha kuitumia, nikamwonyesha pa kuwashia, nikaenda zangu jikoni. Akaunti aliyoingilia ilikuwa yangu, ya msimamizi, yenye mamlaka ya kuweka na kuondoa chochote. Siku hiyo hiyo alitafuta nyongeza ya mchezo anaoupenda, akabofya kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "pakua", na kompyuta ilipomuuliza kama anakubali, akakubali. Angejuaje? Kufika jioni, kila ukurasa aliofungua ulijaa matangazo ambayo hata mimi mtu mzima niliona haya kuyatazama.

Kwa hiyo fungua akaunti mbili. Ya msimamizi iwe yako, na nywila yake aijue mtu mzima peke yake. Usiibandike chini ya kibodi, watoto wanaona kila kitu. Ya binti yako iwe akaunti ya kawaida. Akitaka kuweka programu mpya, mara nyingi kompyuta itadai nywila yako, naye itabidi akuite. Hapo ndipo mtakapozungumza: hii ni nini, umeiona wapi, nani kakwambia? Ukinihimiza nikuchagulie jambo moja tu katika barua hii nzima, nitakuchagulia hilo.

Umesema laptopu imeshatumiwa na mtu mwingine. Basi ifute yote kwanza, uirudishe ilivyotoka kiwandani, kisha uiache isasishe mfumo mpaka imalize, hata ikichukua usiku kucha. Angalia pia mfumo wenyewe, yaani Windows, ni toleo lipi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mfumo usiopata masasisho ya usalama sio wa kumwanzishia mtoto. Kama mashine inakubali Windows 11, ipandishe kabla ya yote.

Sasa udhibiti wenyewe. Kwenye Windows unatumia Microsoft Family Safety, ambayo haina malipo kwa mambo ya msingi. Unaunda kundi la familia kwa akaunti yako ya Microsoft, unamwongeza mtoto kwa akaunti yake, na ndiyo hiyo anayoingilia kwenye laptopu. Akaunti ile inayoundwa ndani ya mashine tu, isiyo ya Microsoft, haiunganishwi na kundi la familia, na wazazi wengi wanakwama hapo wakidhani programu ni mbovu. Kisha weka mwaka wake halisi wa kuzaliwa. Najua kuna kishawishi cha kumkuza kidogo ili huduma fulani imkubali. Ile miaka 13 unayoiona kila mahali ina asili yake: Marekani ilipitisha sheria mwaka 1998 ya kulinda taarifa za watoto walio chini ya umri huo, na kampuni nyingi zikaufanya mpaka wao. Ukiandika uongo, mtoto anahesabiwa mkubwa kuliko alivyo, na vizuizi ulivyovitegemea vinaweza visimhusu tena.

Ukiwasha kichujio cha tovuti, kinachuja ndani ya Edge, kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) cha Microsoft, na vivinjari vingine vinavyojulikana vinazuiwa. Binti yako atakuomba Chrome kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Usimfungulie kwa kumhurumia, maana humo kichujio hicho hakimfuati. Kwa umri wake ningekwenda mbali zaidi: kuna chaguo la kuruhusu tovuti ulizozitaja tu. Anza na kumi au kumi na tano mlizozichagua pamoja. Akigonga nyingine, ombi linakujia, unalikubali au unalikataa. Wiki ya kwanza maombi yatakuchosha, kisha yatapungua.

Kama siku moja mtahamia Mac, huko unatumia Screen Time, na pini yake isifanane na nywila ya kuingilia. Kwenye Chromebook ni Family Link. Ingia wewe kwanza kama mmiliki ndipo umwongeze mtoto, halafu uzime matumizi ya mgeni, la sivyo atapita kama mgeni na vizuizi vyote vitabaki nyuma yake.

Kuna ngao nyingine ninayoipenda kwa sababu inalinda nyumba nzima kwa mpigo. Kila unapoandika jina la tovuti, kompyuta inakwenda kuuliza namba ya jina hilo kwenye kitu kiitwacho DNS, ambacho ni kama daftari la namba za simu. Unaweza kuichagulia ruta yako, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, daftari lisilotoa namba za tovuti za ngono wala zenye virusi. Kampuni ya Cloudflare ilianza kutoa moja la bure mwaka 2020: ingia kwenye mipangilio ya ruta, sehemu ya DNS, andika 1.1.1.3, na kwenye nafasi ya pili 1.0.0.3. Ni kazi ya dakika kumi. Lakini kumbuka, hiyo ni ya ruta yenu tu. Laptopu ikiunganishwa na hotspoti ya simu ya binamu yake, ngao hiyo imebaki nyumbani.

Niliyafanya haya yote baada ya yale matangazo, nikalala usingizi mzuri. Miezi kadhaa baadaye kijana akaacha kuigusa kompyuta. Siku ya kwanza nikafurahi. Siku ya tatu nikamuuliza, akasema haimpendezi tena. Nikaitafuta nikaikuta imesukumwa uvunguni, imefunikwa shuka. Nilipoishika mkononi akaanza kulia. Alikuwa akitafuta picha za kuchora, ukurasa ukajitanua ukajaa kioo kizima, mwekundu, ving'ora vinalia, sauti inasema kompyuta imeshambuliwa na apige namba ile pale sasa hivi. Kichujio kilikuwa kimewashwa. Ukurasa ule ulikipita. Mtoto akaamini ameiharibu. Alikuwa ameanza kuweka sarafu ndani ya soksi ili alipe fundi.

Mwanangu wa miaka tisa alibeba hofu hiyo siku tatu ndani ya nyumba moja na mimi, kwa sababu siku ya yale matangazo nilikuwa nimefoka na kusema, "Ukirudia, naichukua."

Tangu siku hiyo tuna mapatano, na nakuomba nawe uyaweke kabla hajaiwasha. Akiona kitu cha kumtisha, cha kumtia aibu, au mtu asiyemjua akimwandikia, anafunika kompyuta na kuniita. Hajibu, hapigi namba yoyote, hahangaiki kutafuta pa kufungia. Mimi kwa upande wangu nimeahidi kwamba kwa kuniita tu, kompyuta haichukuliwi. Nimeitimiza ahadi hiyo hata siku niliyoikuta michezo badala ya kazi ya shule, kwa kuwa aliniambia mwenyewe. Ule ukurasa mwekundu tuliutoa pamoja kwa kubonyeza kitufe cha Esc na kukishikilia. Hakukuwa na virusi vyovyote, ulikuwa utapeli wa kuwatoa watu fedha. Ungeuona uso wake!

Kwa hiyo usimwekee programu ya kumpeleleza kwa siri, hata ukishauriwa. Mwonyeshe kila ulichowasha na umweleze kwa nini. Ripoti ya wiki inayokuja kwenye barua pepe, isomeni pamoja. Mimi na kijana tunaisoma Jumamosi asubuhi, na mara nyingine yeye ndiye anayesema, "Mama, hapa nilizidisha."

Mengine ni madogo. Laptopu ilale sebuleni, chaja yake pia. Weka saa za matumizi, ijifunge yenyewe jioni, usibaki wewe kuwa polisi. Kamera ikiwa na kifuniko chake, ifungwe. Kama haina, kipande cha karatasi nyembamba kinatosha, ila akitoe kabla ya kuikunja, kwani vifuniko vinene vimewahi kupasua vioo vya laptopu nyembamba. Na michezo yenye soga, zima soga kwanza. Utaifungua siku utakapojua anacheza na nani.

Jumapili jioni nitakuwa na nafasi. Mtoto akishalala, ishushe kutoka kabatini, unipigie, tuifanye hatua kwa hatua. Uwe na barua pepe yako karibu, na ile nywila ya msimamizi uifikirie kabisa kuanzia sasa, isiwe jina lake wala tarehe yake ya kuzaliwa, maana hizo ndizo atakazozijaribu mwanzo.

Msalimie sana, ila usimwambie kitu.

Wako akupendaye,
Shoga yako