Kadi za amana kwenye sanduku la bibi

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi. Tulipomaliza arobaini ya bibi hapa Magomeni tukafungua sanduku lake la bati. Chini ya kanga kulikuwa na picha na kadi za babu, aliyekuwa keya. Wazee waliwaita hivyo askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alipelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, halafu Burma, yaani Myanmar ya leo, ambayo yeye aliiita Bama. Huko mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria, na Desemba ikawa imefika mto Chindwin, pale Kalewa.

Shida yangu ni kadi tatu ambazo si zake. Mwandiko ni mwingine, na zimeandikwa kwa mke wa askari mwenzake, kupitia Misheni ya Rungwe, Tukuyu. Hazina mhuri wa posta wala wa wakaguzi wa jeshi. Utotoni nilimsikia babu akimwambia bibi, "Zile ni amana." Nikadhani anasema pesa.

Nimezisoma, Mungu anisamehe. Huyo bwana hataji mahali, maana jeshi lilikataza, anasema tu wako "penye mvua isiyo na adabu". Anamwambia mkewe asikubali shemeji amuuze yule ng'ombe mweusi, na mtoto akiwa wa kiume aitwe jina la babu yake. Mtoto huyo, kama yu hai, ana miaka 80 hivi.

Mwenzake hakuuvuka Chindwin. Babu alirudi, akapata kibarua bandarini, akazeeka papa hapa Dar. Bibi alikuwa akisema mara mbili babu alikata tiketi ya basi la Mbeya, na mara mbili alirudi nyumbani kutoka stendi. Hakueleza, na bibi hakumuuliza.

Sasa baba mdogo, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, amepata mnunuzi wa vitu vya kale. Ametaja laki nane kwa vyote. Anachokitamani hasa ni picha ya studio ya Colombo, babu na mwenzake wamesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi (mtu wa Dar es Salaam kavuka bahari kwenda kupigwa picha na minazi ya rangi!). Mdogo wangu naye alitaka vyote vikalaminetiwe. Nimemzuia, picha ikishabanwa na plastiki ya moto haitoki tena. Nimezifunga kila moja kwenye karatasi yake, ziko juu ya kabati, mbali na unyevu.

Baba mdogo ni mkubwa wangu, siwezi kumkatalia mbele ya watu. Anasema kilichokutwa sandukuni ni cha marehemu, basi. Mimi naona amana haiingii kwenye mirathi, lakini nani atanisikiliza? Nimpeleke kwa shehe, au nimwachie picha za babu auze mradi kadi zibaki? Na hiyo ya Colombo, ambayo huenda ndiyo sura pekee ya huyo bwana, ni ya nani?

Nimefikiria kuandika barua kwa kanisa la Moravian kule Rungwe. Tatizo ni maneno ya kuanzia. Unamwambiaje mzee wa miaka 80 kwamba barua za baba yake zilikaa Magomeni muda wote huu, chini ya kanga?

Mjukuu wa keya,
Magomeni, Dar es Salaam