Barua niliyomwandikia shangazi yangu aliyegoma kurudi kwa dozi ya pili, wakati chanjo ya korona ya AstraZeneca ilipokuwa bado ikitolewa (iliondolewa sokoni 2024)

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa kuwa swali lako la kwenye simu liko midomoni mwa wengi wa rika lako, na wengi wao wakiuliza hukemewa. Ulisema: "Kama chanjo hii ya korona ni salama, mbona ilinilaza kitandani?" Una haki ya kuuliza, na una haki ya kujibiwa vizuri.

Mimi nilichanjwa AstraZeneca, kama wewe. Sindano yenyewe sikuisikia sana. Jioni mkono ukawa mzito, na usiku baridi ikanipanda hadi meno yakagongana. Asubuhi viungo vyote viliuma, hata kunyanyua mkono kuchana nywele ilikuwa kazi. Halafu tezi ikavimba kwapani, upande ule ule niliochomwa. Hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko homa, maana hakuna aliyekuwa amenidokeza kwamba inaweza kutokea. Nikameza paracetamol, nikanywa maji mengi, nikalala. Homa haikukawia kushuka. Uvimbe ndio uliochelewa kuisha.

Baadaye ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikiendelea. Chanjo ile hubeba maelekezo ya kutengeneza kipande kimoja tu cha kirusi cha korona. Mwili ukikiona kipande hicho, kinga huamka, na kemikali zake huuamuru ubongo upandishe joto. Kwenye tezi za kwapani ndiko chembe za kinga hukusanyika na kuongezeka. Kwa hiyo homa yako, shangazi, ilitoka kwenye kinga yako mwenyewe. Wala asiyepata homa asidhani chanjo haikumshika. Miili hutofautiana, na vijana mara nyingi huumwa zaidi kuliko wazee.

Lakini najua homa siyo iliyokuudhi zaidi. Yule aliyekuchoma alikuhakikishia kwamba hutasikia chochote, kisha ukatetemeka usiku kucha peke yako. Kuanzia hapo ukaanza kujiuliza ni mangapi mengine umefichwa. Hasira hiyo naielewa, na naona ni ya haki. Kampeni ya chanjo ya taifa zima hupangwa kwa hesabu za dozi, majokofu, orodha za wazee na wahudumu wa afya watakaotangulia. Dakika mbili za kumweleza mtu atakachosikia usiku zisipotengwa, mtu huyo harudi, na jirani zake nao huahirisha. Nimeliona hilo likitokea.

Nawe hukutaka nikufiche, basi na lililo zito nakuambia. Chanjo ya AstraZeneca iliwahi kusababisha damu kuganda kwa namna isiyo ya kawaida, huku chembe zinazosaidia damu kuganda zikipungua. Ni nadra sana, takriban mtu 1 kati ya 100,000 waliochanjwa dozi ya kwanza, na baadhi yao walifariki. Lilijulikana kwa sababu wagonjwa na madaktari waliripoti walichokiona. Aprili 2021 Denmark iliacha kuitumia chanjo hiyo kabisa, na Uingereza ikashauri walio chini ya miaka 30 wapewe nyingine. Mimi taarifa zile ziliniongezea imani, maana niliona kuna watu wanaofuatilia na wako tayari kubadili uamuzi.

Dalili za kukimbilia hospitali ni hizi: kichwa kinachouma vikali bila kupoa siku kadhaa baada ya sindano, macho kuona ukungu, kifua kubana, pumzi kukatika, tumbo kuuma mfululizo, mguu kuvimba, au madoa ya damu chini ya ngozi mbali na ulipochomwa. Wewe hukupata hata moja. Nilikuuliza, ukaniambia.

Unahofu kwamba ya pili itakuwa kali maradufu. Kwa chanjo za Pfizer na Moderna, dozi ya pili ndiyo huwaumiza wengi zaidi. Kwa AstraZeneca ni kinyume chake: maudhi mengi huja na ya kwanza, na hata ule mgando wa damu umeonekana mara chache zaidi baada ya ya pili. Na dozi moja haikukingi kama mbili, hasa wewe mwenye umri huo na shinikizo la damu.

Nakuomba jambo moja kabla hujaamua. Nenda na kadi yako, na kabla ya kukunja mkono wa gauni, waeleze wahudumu yaliyokupata usiku ule na uwaombe wayaandike. Wakikupuuza, mtafute daktari anayekutibu shinikizo umweleze yeye. Dawa zako usiziache kwa ajili ya chanjo. Ukichanjwa, keti pale dakika 15 bila kuharakishwa na mtu, maana mzio mkali, ingawa ni wa nadra, kwa kawaida hujitokeza mapema na wana dawa yake hapo hapo. Usiku huo nitalala kwako.