Programu moja yatosha wateja wote

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu tunaotengeneza mifumo ya wavuti hapa Mombasa. Mwenye hoteli Nyali ataka rangi zake na logo yake, mwenye duka Marikiti naye ataka zake, basi wengi wetu tunakopi programu nzima kwa kila mteja, halafu ikitokea hitilafu moja wairekebisha huku na kule mpaka usiku, jamani hii kazi gani? Programu iwe moja tu. Rangi, fonti na logo ziwekwe kwenye databesi chini ya kila mteja, mtu akifungua anwani ya mteja fulani mfumo unamjua mteja huyo na kuleta sura yake, na kwa CSS, lugha inayopanga sura ya kurasa za wavuti, siku hizi unaipa kila rangi jina mara moja, ukibadilisha hapo vitufe na menyu zinafuata zenyewe.

Ila msimwachie mteja kila kitu! Maandishi ya njano juu ya nyeupe hayasomeki, hasa kwa simu juani, na viwango vya WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya wavuti utumike na watu wote, kwa ngazi ya AA vyataka utofauti wa mwanga kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Mfumo wenyewe upime rangi anazochagua mteja na ukatae zisizofikia hapo.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa