Kabla Hujatuletea Mizizi ya Mjafari Kupimwa

Wateja wengi wa maabara yetu hapa Mtwara, hasa waganga na wauza dawa za asili wanaotoka Newala, Masasi na Nachingwea, hutuletea mizizi ikiwa imekwisha kusagwa. Unga huo tunaupokea, lakini majibu yake huwa haba kuliko ambayo mteja angeyapata kama mzizi ungetufikia mzima.

Tuchukue mjafari, mti wa miiba ambao mizizi yake hutumiwa kama dawa. Alkaloidi zake (kemikali za mimea zenye nitrojeni) zinazojulikana sana, zikiwamo nitidini na kelerithrini, zimepatikana katika ganda la mzizi. Kwa hiyo ganda likisagwa pamoja na kiini, kinachopimwa ni mchanganyiko ambao hakuna awezaye kuutenganisha tena. Isitoshe, jina la mjafari hupewa zaidi ya aina moja ya mti, na unga hauna jani wala mwiba wa kuutambulisha. Ndiyo maana tunaomba tawi lenye majani, lililobanwa katikati ya magazeti.

Mizizi iliyochimbwa masika ikifungwa katika nailoni, kwa joto hili la pwani, huota kuvu. Ianikeni kivulini, kisha muitie katika mfuko wa karatasi. Nasi hukausha sehemu yake kwa nyuzi 105 za Selsiasi, kwa kuwa majibu huandikwa kwa miligramu katika kila gramu ya mzizi mkavu: gramu 100 zenye maji gramu 40 huhesabiwa kuwa gramu 60 tu.

Kipimo cha kwanza ni kromatografia ya tabaka nyembamba. Dondoo, yaani kemikali zilizotolewa katika mzizi, hupandishwa na kiyeyusho (kimiminika cha kuziyeyusha) juu ya kibao chenye silika, kemikali zikiachana njiani; tukinyunyiza kitendanishi cha Dragendorff, alkaloidi huonekana kwa rangi ya machungwa. Kujua kiasi chake kunahitaji mashine ya kromatografia ya kimiminika, ambayo ni ghali, na hatumshauri mtu ailipie kabla ya kuona majibu ya kwanza. Vyovyote yatakavyokuwa, majibu hayo hayathibitishi kwamba dawa inaponya wala kwamba ni salama, na tunasikitika sana yanapobandikwa dukani kama cheti.

Tuelezeni pia namna dawa inavyotumiwa. Mzee mmoja alituletea mizizi ambayo yeye huichemsha kwa maji, nasi tukaitoa dondoo kwa methanoli, ambayo ni aina ya alkoholi. Kipimo kilikuwa sahihi kwa mzizi, lakini hakikuhusu anachokunywa mgonjwa, kwa sababu maji hayatoi kila kinachotolewa na methanoli. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa hatukumuuliza. Tulirudia kazi bila malipo, safari hii kwa maji yaliyochemshwa kwa muda uleule anaoutumia yeye.