Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana. Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ili uwe nasi leo.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwaka huu tumejikita katika kutambua seli za neva kwenye vipande vya ubongo kwa kutumia hadubini. Kwa kusikia tu, kazi ni nyepesi. Ukitazama kwenye lenzi unakutana na madoa chungu nzima, na mengi ni seli za glia, wahudumu wa zile unazozitafuta.

Tunaanza na kiini. Cha seli ya neva kwa kawaida ni kikubwa, cha mviringo, kimepauka, na ndani yake kuna kidoa kimoja kilichokolea. Viini vya glia huwa vidogo na kidoa hicho hakijitokezi hivyo. Kisha tunatafuta chembe za Nissl, zilizosheheni ribosomu (viwanda vya protini vya seli), ambazo rangi ya kresili violeti huzikoleza. Zimetapakaa katika mwili wa seli na kuingia kwenye dendraiti, matawi yanayopokea ishara, lakini hukoma pale akzoni, mkia unaopeleka ishara, inapochomoza. Hapo ndipo tunapobishana zaidi.

Mtego mwingine ni kisu cha kukatia vipande. Kipande chenye unene wa maikromita 5 kinaweza kupita kando ya kiini, seli halali ikaonekana haina kitu. Kwenye serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo, tunapumzika: seli za neva ziitwazo Purkinje zimejipanga safu moja, kubwa, hata mgeni wa hadubini hazimpiti.

Mwaka 1873 Camillo Golgi wa Italia alibuni njia ya kutia rangi kwa madini ya fedha, ambayo hukoleza seli chache tu, lakini kila moja na matawi yake. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania aliitumia kuonyesha kwamba kila seli inajitegemea; Golgi akashikilia kuwa ni wavu mmoja. Waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1906 bila kukubaliana.

Ndugu Mgeni Rasmi, slaidi tulizonazo hazionyeshi matawi hayo. Tunaomba seti ya slaidi za njia ya Golgi, pamoja na hadubini moja ya kutazamwa na watu wawili kwa wakati mmoja, kwani mwalimu akisema "ile pale", mwanafunzi huwa anatazama nyingine.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama, Klabu ya Baiolojia