Barua kwa mwanangu, aliyeambiwa "wazo zuri sana" mara 37

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Mwanga hatujambo, ni mgongo tu unanikumbusha kila asubuhi kwamba nimekula chumvi nyingi.

Karatasi yako nimeisoma mara mbili. Unasema umewahoji watu 40 hapo Dar es Salaam kuhusu biashara yako ya kuwakutanisha wanaotaka kujitolea na shule, zahanati na vituo vinavyohitaji mikono, na 37 kati yao wamekuambia ni wazo zuri sana. Furaha yako naisikia mpaka huku. Lakini mimi nimeuza mtumba miaka mingi, na hao 37 wananitia hofu kuliko wale watatu.

Swali lako la kwanza: "Je, ungependa huduma itakayorahisisha kujitolea katika jamii?" Mwanangu, nani atajibu hapana? Sisi hatumkatalii mtu usoni. Mtu akija na jambo lake tunamwambia "tutaona", "Mungu akipenda", "wazo zuri", tunamsindikiza hadi njiani, na akikata kona tumeshasahau. Wewe ukimwambia mchuuzi "nitarudi", huwa unarudi?

Nilikwama hapohapo ulipokwama. Kabla ya kununua belo langu la kwanza la mashuka niliwauliza akina mama wa kwaya: nikileta mashuka mazuri, mtanunua? Wakaitikia kama wimbo: lete, mama, lete. Nikakopa kikoba, nikaenda Kiboriloni, nikarudi na belo. Wote walikuja. Waliyashika, wakayasifu, wakayakunja vizuri, wakayarudisha. Miezi saba yalikaa chumbani kwangu, wewe ukiyapanda kama mlima.

Kilichoniponya ni hasira. Nilimkuta mmoja wao bombani, nikamwuliza shuka lililoko kitandani kwake sasa hivi alilinunua lini. Akafikiri kidogo. Desemba, mwaka juzi, Moshi mjini, kwa sababu mwanawe alikuwa anamleta mkwe Krismasi. Nikawauliza wengine sita swali hilohilo. Wanne walinitajia Desemba. Kumbe huku shuka hatununui kwa ajili yetu, tunamnunulia mgeni! Nikayatunza hadi mabasi ya Dar yalipoanza kujaa watu wa kuja kula sikukuu, na halikubaki hata moja. Mashuka yalikuwa yaleyale na wanawake walewale.

Kwa hiyo mtu usimwulize atafanya nini. Mwulize amefanya nini, lini, na ilimgharimu kiasi gani.

Umeandika pia kwamba watu wetu wana moyo wa kujitolea, ukataja umuganda wa Rwanda, ile kazi yao ya pamoja ya kila mwezi, ukataja Desemba 9, 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru tukashika mafagio. Nilikuwepo siku ile. Nilifagia mbele ya kibanda changu kwa bidii kubwa, kwa sababu mtendaji alikuwa anapita. Na umuganda, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wa miaka 18 hadi 65 wanatakiwa watoke, hakuna anayeulizwa kama angependa. Hata msaragambo wetu, kazi ya pamoja ya kijiji tunayojivunia, uangalie vizuri. Maji hujaa usiku kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu, na asiyetokea kuondoa tope alitozwa faini. Bibi yako alikwenda hadi magoti yakakataa, lakini sitasema alikuwa anajitolea. Alikuwa analipia maji kwa jembe. (Na sisi Wapare unatujua, hatutoi kitu bila kujua kinarudi vipi.)

Neno lenyewe la kujitolea nalo lina mtego. Kwa kijana aliyemaliza chuo, kujitolea ni kufundisha darasa zima bila ajira, kwa posho ya michango ya wazazi ikipatikana, akiomba Mungu jina lake litoke kwenye orodha ya walioajiriwa. Ukimwuliza kama angependa kujitolea atasema ndiyo haraka sana, maana anadhani nyuma yako kuna kazi. Huyo mwulize mara ya mwisho alijitolea wapi, nauli alitoa wapi, mchana alikula nini, na alipoondoka alipewa hata barua ya kumshuhudia. Halafu nyamaza. Najua ni vigumu, mdomo umerithi kwa baba yako, lakini mtu akimaliza kujibu hesabu hadi kumi kabla hujasema neno. Mengi ya kweli hutoka kati ya saba na tisa.

Jumanne nilijaribu mwenyewe. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya hapa jirani, biashara yako sikuigusia kabisa. Nilimwuliza tu mara ya mwisho walipokuja watu wa kujitolea ilikuwaje. Akacheka, kisha akainuka akafunga mlango. Walikuja watu kama ishirini, wamevaa fulana mpya, wakapaka rangi darasa moja. Shule ikawapikia wali na nyama, vipindi vikasimama ili watoto waimbe. Rangi ikaisha kabla ya ukuta wa nyuma. Ukuta ule waliumalizia walimu kwa rangi ya kijani iliyokuwepo stoo, na sasa darasa lina sura mbili.

Nikanyamaza. Ndipo akasema nisichokitegemea: hahitaji watu ishirini wa siku moja, anahitaji mtu mmoja wa kufundisha hesabu kila Jumamosi muhula mzima, na mwingine anayejua kutengeneza madawati. Yaliyovunjika yamejaa stoo, na fundi wa mjini hulipwa kwa kila dawati moja. Hapo nikasimamisha masikio, kwa sababu hapo kuna hela ambayo tayari inatoka.

Ila mwalimu mkuu huenda asiwe mteja wako. Anayehudumiwa, anayejitolea na anayelipa ni watu watatu, na wewe umewauliza wote swali moja. Ukienda kwa watu wa kampuni, usiwaulize kama wanaijali jamii. Uliza mwaka jana walikwenda wapi, nani aliidhinisha, hela ilitoka fungu gani, na nani alihangaika kutafuta basi na kuomba ruhusa shuleni. Huyo aliyehangaika na basi ndiye wa kukaa naye, hata kama cheo chake ni kidogo. Akikusifia wazo lako, mwombe kitu kinachouma kidogo: tarehe, kukutanishwa na bosi wake, au kianzio. Akianza kuangalia saa, umeshajibiwa.

Na wale watatu waliokataa? Karatasi nzima hukuandika walisema nini. Warudie kabla ya wengine wote, tena uwanunulie chai. Walikuheshimu vya kutosha wakakuambia ukweli.

Mwalimu mkuu amesema uje mitihani ikiisha, ukahesabu madawati mwenyewe. Njoo na daftari tupu, karatasi ya maswali iache huko huko. Ukipanda basi la alfajiri utanikuta nimeshaipua makande.

Mama yako